Bwana Msa na Wasomaji wa Nyanza ya Kusini

Riwaya za Bwana Msa zimehakikiwa mara nyingi, lakini wasomaji wake hawajasikilizwa vya kutosha. Mhakiki huketi kuandika Sherlock Holmes akiwa amekwisha kumjaa kichwani: akikiona kiko, na akimwona Najum akifuatana na mpelelezi kama Watson, hutoa hukumu kwamba hapa tumeletewa Mwingereza aliyevishwa kanzu. Katika makala haya tutajaribu kuitazama hukumu hiyo kutoka Migori na Homa Bay, nchi iliyokuwa wilaya moja ya Nyanza ya Kusini, ambako Kiswahili kwa walio wengi ni lugha ya pili au ya tatu, baada ya Kijaluo, Kisuba au Kikuria.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi vitabu vyenyewe vilivyotoka. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya kwa miaka kumi, kisha akawa mhariri wa magazeti, la mwisho likiwa *Mkulima*, aliloliacha alipostaafu mwaka 1968. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. *Kisima cha Giningi* ilitolewa mwaka 1968. Kisha zikafuatana *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975) na *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976), zote nne zikitolewa na East African Publishing House ya Nairobi. *Kosa la Bwana Msa* ilichelewa hadi 1984.

Kwamba vitabu vinne vya Mzanzibari vilitolewa Nairobi si jambo dogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983, na Isebania, mlango wa Migori kuelekea Musoma, ukafungwa pamoja nao. Msomaji wa Migori, aliye jirani na Tanzania kuliko alivyo jirani na Nairobi, ilimbidi ageukie Nairobi kumtafuta mpelelezi wa Unguja.

Je, alimpokeaje? Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha Kiswahili karibu na Kendu Bay, alitwambia kuwa Holmes hakumjia akilini hata kidogo. Kilichomshika ni jina la Giningi. Waunguja hupataja mahali hapo kuwa pa wachawi; naye alikulia karibu na ziwa la Simbi Nyaima, ambalo husimuliwa kuwa lilikuwa kijiji, kikazama kwa sababu wenyeji walimfukuza kikongwe aliyeomba hifadhi usiku. Huko Migori, vivyo hivyo, ziko kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa zaidi ya miaka 500 iliyopita, na jina lenyewe kwa Kijaluo ni msitu mzito wa kutisha. UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Mtu aliyelelewa baina ya mahali kama hapo, akisikia usiku habari za *jajuok*, hahitaji kufafanuliwa maana ya mzimu wa watu wa kale. Hadithi humchukua katika hofu anayoijua, kisha Bwana Msa humwonyesha mkono wa binadamu nyuma ya hofu hiyo. Kwa maoni yetu, hapo ndipo ulipo uzito wa riwaya hizi, na mhakiki anayehesabu tu vilivyoazimwa kutoka London hauoni.

Hatusemi kwamba wasomaji hao walimsifu tu. Msomaji mwingine, wa Migori, alilalamika kwamba Bwana Msa hujua kila kitu, na Inspekta Seif amewekwa ili ashangae. Lawama hii ni ya haki. Aliongeza kwamba Kiswahili cha Abdulla kilimtesa: yeye alikizoea Kiswahili cha sokoni, na humu alikutana na mafumbo, misemo na mizaha ya Unguja ambayo kamusi yake haikuwa nayo. Hata hivyo alisoma hadi mwisho, kwa kuwa katika hadithi ya upelelezi neno usilolielewa huenda ndilo lililomficha muuaji. (Tangu 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipofanya Kiswahili kuwa somo la lazima la kutahiniwa, walimu wametumia hila nyingi kuwafanya wanafunzi wasome kwa makini hivyo.)

Kuhusu *Mke Mmoja Waume Watatu*, mama mmoja wa Homa Bay alicheka kabla ya kukifungua kitabu. Kwao, alisema, hesabu hiyo huwa kinyume.

Wapo wahakiki waliomlaumu Abdulla kwamba hakujishughulisha sana na siasa. Hakuna hata mmoja kati ya wasomaji wetu aliyeligusa jambo hilo, ingawa urithi wa mali na ugomvi wa jamaa, ambao umejaa vitabuni humu, waliuzungumza kwa kirefu, kama watu wanaoyajua mashamba yenye kesi.

Tulipokuwa tukiagana, tulimwuliza yule mwalimu wa Kendu Bay ikiwa Bwana Msa alimwondolea hofu ya Simbi. Alijibu kuwa *Kisima cha Giningi* amekisoma mara tatu, na kwamba usiku bado hapiti ziwani.