Kuungua nyumbani
Kuungua ni kuharibika kwa ngozi kutokana na moto, mvuke au kimiminika cha moto. Tuchukue mfano wa maji ya moto: Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo, inajulikana kwa chemchemi zenye joto la karibu nyuzi 50. Joto hilo huchukua dakika kadhaa kumuunguza mtu mzima vibaya. Likifika nyuzi 60, sekunde 5 zatosha, na kwa mtoto ni chini ya hapo. Hivyo sufuria ya chai juu ya mafiga, usawa wa mkono wa mtoto anayetambaa, ni hatari kuliko chemchemi. Kuliinua jiko au kulizungushia ukuta mfupi wa udongo kunasaidia kuliko makaripio.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Palipo na uhaba, yakingwe kwa beseni yamiminwe tena. Ushanga wa shingoni uvuliwe mapema, kabla ya uvimbe. Samli, unga na dawa ya meno visipakwe. Kidonda cheupe kisichouma ndicho kibaya zaidi, maana neva zimekufa: kifunikwe kwa kitambaa safi, mgonjwa apelekwe hospitali.