Kichaka cha Shimba na Dawa ya Saratani

Ukipita Kwale, ewe msomaji, wenyeji watakuonyesha Milima ya Shimba na kukusimulia habari za palahala na ndovu wake. Wachache watakutajia kichaka kimoja cha msitu ule, ambacho wataalamu hukiita Maytenus buchananii. Walakini kichaka hicho kina historia iliyovuka bahari, na yatufaa tuijue, maana ina fundisho juu ya elimu na fundisho jingine juu ya haki.

Mwaka 1960 serikali ya Marekani ilianza kukusanya mimea kutoka pande nyingi za dunia, ili ichunguzwe kama ina kitu cha kuzuia saratani. Miongoni mwa mimea hiyo ulikuwamo mmoja wa jamii ya Maytenus, uliotoka Ethiopia. Mwaka 1972 mkemia S. Morris Kupchan na wenzake walitangaza kwamba wametoa ndani yake kitu walichokiita maytansini. Kilikuwa kikali mno, lakini haba kupita kiasi: kilo nzima ya mmea haikutoa hata miligramu moja.

Ilipojulikana kwamba kichaka cha Shimba kina kitu hicho kwa wingi zaidi, wakusanyaji walikuja Kenya. Katika miaka ya 1970 zilichukuliwa kilo 27,215 za mmea huo. Imeandikwa kwamba vichaka vyote vilivyokomaa mahali pale vilivunwa. Imeandikwa pia kwamba Wadigo walikuwa wakiutumia kwa tiba tangu zamani, wala ujuzi wao haukutambuliwa.

Je, dawa ilipatikana? Haikupatikana upesi. Maytansini huizuia seli isigawanyike, wala haichagui kati ya seli mbaya na njema. Wagonjwa waliojaribiwa walitapika, wakahara, wakadhoofika. Kipimo cha kuudhuru uvimbe kilimdhuru mgonjwa mwenyewe. Basi majaribio hayo yakaachwa.

Hata hivyo, baadhi ya wataalamu hawakukata tamaa. Waliona kwamba sumu ile haikupungukiwa na nguvu. Ilipungukiwa na kiongozi. Kiongozi huyo alipatikana katika kingamwili iitwayo trastuzumabu, iliyotengenezwa maabarani. Iko aina ya saratani ya matiti ambayo seli zake zina protini ya HER2 kwa wingi, nayo huenea kwa haraka. Trastuzumabu huitafuta protini hiyo na kuishika. Wataalamu wakaigeuza maytansini kidogo, wakaifunga juu ya kingamwili hiyo kama barua katika mkono wa tarishi. Tarishi akifika, seli humeza barua, na sumu hufunguka ndani yake.

Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2012, wanawake na wanaume 991 wenye saratani hiyo iliyokwisha kuenea walishirikishwa. Nusu ya waliopewa dawa mpya waliishi zaidi ya miezi 30. Nusu ya waliopewa dawa za awali waliishi zaidi ya miezi 25. Mwaka 2013 Marekani iliiruhusu itumike. Siku hizi kiini cha sumu hiyo hutolewa katika bakteria wanaokuzwa viwandani, wala misitu haikatwi tena kwa ajili yake.

Fikiri sasa, msomaji. Tangu 1972 hata 2013 ni miaka 41. Mmea ni mwanzo wa dawa, si dawa kamili. Akija mtu kukuambia kwamba majani yaliyochemshwa huponya saratani ya matiti, mkumbuke mgonjwa yule aliyedhurika kwa kipimo kisichofaa. Na mama au dada yako akiona uvimbe, umhimize aende hospitali mapema.

Fundisho la pili ni la haki. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Shimba wageni walikuja, lakini mwenyeji alipata nini? Mkataba wa mwaka 1992 juu ya viumbe hai, uliofunguliwa Rio de Janeiro, unataka faida igawanywe kwa haki. Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaiagiza serikali ilinde ujuzi wa jamii juu ya viumbe na mimea. Sheria hizo zitapata nguvu zikipata wataalamu wetu wenyewe, wanaoijua misitu yetu na kemia yake pia. Kazi hiyo inakungoja wewe.