Hesabu ya Watu na Maana ya Kuhesabiwa: Tanganyika na Tanzania, 1898–2022

Kitenzi kuhesabu katika Kiswahili kina maana mbili zilizo karibu, nazo yafaa kuzitenga. Mchungaji huwahesabu mbuzi wake jioni warudipo zizini, akitaka kujua idadi yao; na mtu huhesabiwa miongoni mwa wazee wa mji, yaani hutambuliwa kuwa ana mahali pake na neno lake husikizwa. Maana ya kwanza ni ya idadi, ya pili ni ya heshima. Historia ya hesabu ya watu katika Tanganyika, na baadaye Tanzania, ni safari ndefu ya kutoka maana ile ya kwanza kuelekea hii ya pili. Safari hiyo haikusukumwa na tarakimu peke yake. Ilitegemea pia maneno yaliyoandikwa katika fomu, kwa kuwa karani hawezi kumwandika mtu ambaye swali lake halimtaji.

Majina yenyewe ya kazi hii yana mafunzo. Sensa ni neno la Kilatini lililotufikia kwa njia ya Kiingereza, na katika Roma ya kale lilikuwa jina la orodha ya raia na mali zao, iliyotumiwa kutoza kodi na kuandika askari. Takwimu ni neno la Kiarabu. Huko taqwim ni kalenda, na shina lake lina maana ya kukinyosha kitu na kukikadiria thamani yake. Basi jina moja limebeba kumbukumbu ya kodi, na jina la pili limebeba wazo la kusawazisha. Mambo yote mawili yalitokea katika nchi hii, na kodi ndiyo iliyotangulia.

Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa na watu wa zamani, walitoa amri ya kodi ya vibanda mwezi wa Novemba 1897, nayo ikaanza kutumika mwaka 1898. Kwa ajili ya kodi hiyo maakida na majumbe walitakiwa kujua idadi ya nyumba zilizokuwa chini yao. Kilichohesabiwa kilikuwa paa, wala si watu waliolala chini yake. Na watu, kwa kuwa si wajinga, walijifunza kubanana katika nyumba chache ili paa zipungue. Waingereza waliiendeleza njia hiyo kwa sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922. Katika daftari za namna hiyo mwanamke aliingia aghalabu kama nyumba ya ziada ya mume mwenye wake wengi, na mtoto hakuingia kabisa mpaka awe kijana wa kulipa. Haishangazi, basi, kwamba kwa muda mrefu karani mwenye kalamu aliogopwa kijijini. Kuhesabiwa kulikuwa ni kutozwa.

Hesabu ya kwanza iliyojaribu kumfikia kila mtu kwa taratibu za elimu ya takwimu ilifanywa mwaka 1948, chini ya Idara ya Takwimu ya Afrika ya Mashariki. Hata hiyo iligawanywa mara mbili kwa rangi za watu. Wasiokuwa Waafrika walihesabiwa mwezi wa Februari, na Waafrika mwezi wa Agosti. Wale wa kwanza waliulizwa kwa urefu, pamoja na habari za kazi zao. Waafrika wote waliulizwa maswali machache tu, kisha sehemu ya kumi yao ikachaguliwa kwa maswali ya ziada. Mwaka 1957 mgawanyo wa Februari na Agosti ulirudiwa. Idadi ya watu wote wa Tanganyika ilionekana kukaribia 8,800,000; miongoni mwao Wazungu walikuwa kama 20,000, na wenye asili ya Asia na Uarabuni karibu 100,000. Kwa hiyo uchumi uliojulikana kwa undani ulikuwa uchumi wa wachache, na maisha ya walio wengi yalikadiriwa kwa mbali.

Hata hivyo, upungufu wa maarifa haukuwa ndio sababu pekee ya kuwaweka watu nje. Hesabu ya 1948 ilikuwa imekwisha kuchapishwa, na kila mtu aliyetaka aliweza kuona uwiano wa watu, lakini mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipangwa upya, wajumbe 30 wasio wa serikali wakagawanywa 10 kwa kila rangi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa kuwachagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Na ili aandikishwe alipaswa kuwa na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa na sheria. Hapa pana jambo la kukumbukwa: idadi ilijulikana, lakini haikufuatwa. Ni watu waliojipanga wenyewe, katika TANU iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, waliozipa tarakimu zile nguvu ya hoja.

Sensa ya kwanza baada ya uhuru na muungano ilifanywa usiku wa tarehe 26 Agosti 1967. Safari hii watu wote walihesabiwa pamoja, na jumla yao ikapata kupita kidogo 12,300,000. Faida yake ilionekana upesi katika elimu. Ilidhihirika kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama 67 katika kila 100. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa ya jioni yakafunguliwa kwa Kiswahili, na mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ukaonyesha kwamba wasiojua wamepungua wakawa kama 39 katika 100. Huo ni mfano mzuri wa tarakimu iliyowaingiza watu ndani: ilitaja pengo, ikapewa kazi, kisha ikapimwa tena.

Sensa ya 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuuliza kabila na dini. Kuyaacha maswali hayo kulikusudiwa kulinda umoja, na wengi wameshukuru. Lakini kila uamuzi wa namna hii una bei yake. Jamii ndogo kama Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na asali, hawaonekani katika majedwali ya taifa, wala shida zao haziwezi kusomwa humo. Upande wa pili wa mpaka, Kenya iliendelea kuuliza kabila, na bei yake ikawa nyingine. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba makubwa ya pwani, walikaa miaka mingi bila vitambulisho vya uraia. Waliandamana kwenda Nairobi mwaka 2016, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Orodha yaweza kumficha mtu kwa kutokuwapo kwake, na yaweza pia kumfungia mlango kwa kuwapo kwake.

Neno jingine lililobeba mzigo mkubwa ni kaya. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi ni makao ya watu wa nyumba moja. Kwa Wamijikenda ni mji wa kale uliozungukwa na msitu. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 iliandikwa kwa Kiingereza, lakini neno kaya liliachwa humo bila kutafsiriwa, kijiji kikitakiwa kuwa na kaya zisizopungua 250 ili kiandikishwe. Tangu hapo kaya imekuwa kipimo cha maji, cha chakula cha njaa na cha umaskini. Makarani hufundishwa kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Lakini kila kaya huandikwa mkuu wake, na aghalabu mkuu huyo ndiye ajibuye kwa niaba ya wengine. Aliye mke, mjane aliyehifadhiwa na shemeji, au kijana wa kazi za nyumbani huonekana kwa macho ya mtu mwingine. Kaya yaweza kuhesabiwa si maskini na ndani yake mkawa na mtu asiye na chochote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Ili kujua kama tamko hilo limetimia, haitoshi kumwuliza mkuu wa kaya.

Hali kadhalika kazi. Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili: kazi, ambayo ni kila jambo litendwalo kwa juhudi, na ajira, lenye asili ya ujira, ambayo ni kazi ya malipo. Majedwali ya uchumi yalizoea kuyachanganya, na mwanamke aliyelima, akateka maji, akatwanga na kulea, akaandikwa kuwa ni mama wa nyumbani tu, kana kwamba hakufanya neno. Uchunguzi wa nguvukazi wa mwaka 2006 uliuliza jinsi watu wanavyotumia saa zao, na mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa takwimu za kazi uliamua kwamba kazi ni neno pana, na ajira ni sehemu yake moja. Kwa maneno mengine, wataalamu walifika mahali ambapo msemaji wa kawaida wa Kiswahili alikuwa amekwisha kufika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa watu wenye ulemavu. Kamusi za zamani ziliwataja kwa majina ya ngeli ya KI-VI: kilema, kipofu, kiziwi, kiwete. Lugha ilijaribu kurekebisha, ikasema mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu. Vivyo hivyo zeruzeru akaitwa mtu mwenye ualbino. Mabadiliko haya si adabu tu. Sensa ya 2002 ilipata watu wenye ulemavu kama 2 katika 100. Uchunguzi wa 2008 haukuuliza kama mtu ni mlemavu, bali kama anapata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, ukapata 7.8 katika 100 ya wenye miaka 7 na zaidi. Sensa ya 2012 ilipata 9.3, na ile ya 2022 ikapata 11.2. Miili ya watu haikubadilika kiasi hicho katika miaka 20. Kilichobadilika zaidi ni swali. Aliyeulizwa kama ni kilema alikana kwa haya, au alikanwa na ndugu zake. Aliyeulizwa kama anaona vizuri alijibu.

Tangu kuanzishwa kwa mpango wa kunusuru kaya maskini chini ya TASAF, jambo jingine limejaribiwa: mkutano wa kijiji huwataja kwanza walio fukara, kisha fomu hupima hali ya kaya zilizotajwa. Mpango huo umefikia kaya zaidi ya milioni moja. Wanakijiji hutofautisha bila shida maskini, fukara na hohehahe, tofauti ambazo fomu haizijui. Na fomu nayo humkinga mnyonge na upendeleo wa jirani. Kila moja hukosea bila ya mwenzake.

Pamoja na hayo, somo la 1955 halijapitwa na wakati. Mwaka 2018 sheria iliagiza halmashauri kutenga sehemu ya kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wakati huo sensa ya 2012 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba hawa wa mwisho ni zaidi ya 9 katika kila 100 ya waliofikia miaka 7. Si lazima fungu lilingane na idadi, kwani wengi wao ni wanawake na vijana pia. Lakini mwenye kuligawa fungu anawiwa maelezo, na tarakimu ndiyo inayompa mwananchi haki ya kuyadai.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wito wake ulikuwa watu wajiandae kuhesabiwa. Katika miaka ya 1898 wito huo ungaliwakimbiza watu porini. Kwamba uliitikiwa ni dalili ya umbali uliokwisha kutembewa; na maana ya pili ya neno lile, ya mtu kuwa miongoni mwa watu, ndiyo deni lililobaki kwa wanaotunga maswali na kwa wanaosoma majibu.