Nakala na Hukumu: Upatikanaji wa The Front Page (1931) na His Girl Friday (1940) katika Historia ya Uhakiki

Utangulizi

Uhakiki huanza na matini. Kabla mhakiki hajajadili fani au maudhui ya kazi yoyote ile, sharti awe na hakika ya matini anayoijadili: imetoka wapi, imepitia mikono ya nani, na imepungukiwa au kuongezewa nini njiani. Watafiti wa ushairi mkongwe wa Kiswahili wanalifahamu jambo hili vyema. Miswada ya Al-Inkishafi, kwa mfano, hutofautiana katika idadi na mpangilio wa beti, na kila mhariri hulazimika kuchagua kabla ya kufasiri. Katika uhakiki wa filamu, hata hivyo, swali hili limeulizwa kwa nadra mno. Filamu hudhaniwa kuwa ni kitu kimoja tu, na kwamba aitazamaye Nairobi na aitazamaye Chicago wanatazama kazi ile ile.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha udhaifu wa dhana hiyo kwa kuchunguza filamu mbili za futuhi kutoka Marekani, ya kwanza ikiwa asili na ya pili ikiwa imeundwa upya kutokana nayo. Hoja kuu ni kwamba sehemu ya hukumu iliyotolewa kwa miongo mingi kuhusu filamu hizi ilitegemea nakala zilizopatikana, wala si sifa za kazi zenyewe peke yake.

Tamthilia moja, filamu mbili

Chanzo cha filamu zote mbili ni tamthilia The Front Page ya Ben Hecht na Charles MacArthur, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza jijini New York mwezi Agosti 1928. Watunzi hao wawili walikuwa wamefanya kazi ya uandishi wa habari Chicago, na tamthilia yao imejengwa ndani ya chumba cha waandishi katika jengo la mahakama ya jinai ya jiji hilo. Hildy Johnson, mwandishi hodari, anataka kuiacha kazi ili aoe. Mhariri wake, Walter Burns, hayuko tayari kumwachilia. Usiku huo huo mtu aliyehukumiwa kunyongwa, Earl Williams, anatoroka, na hatimaye anafichwa ndani ya dawati la chumba hicho hicho. Kicheko cha tamthilia hii kina uchungu ndani yake, maana wanahabari wanataniana ilhali uhai wa mtu unauzwa kwa manufaa ya uchaguzi.

Mwaka 1931 tamthilia hiyo iligeuzwa filamu chini ya mtayarishaji Howard Hughes na mwelekezi Lewis Milestone. Adolphe Menjou aliigiza Walter Burns na Pat O'Brien akawa Hildy. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo tatu za Akademia: ya filamu bora, ya mwelekezi na ya mwigizaji. Mnamo 1940 kampuni ya Columbia ilitoa His Girl Friday, iliyoelekezwa na Howard Hawks kwa muswada wa Charles Lederer. Badiliko lake kubwa linajulikana sana: Hildy sasa ni mwanamke, anayeigizwa na Rosalind Russell, na Walter (Cary Grant) ni mume aliyeachana naye. Kwa badiliko hilo moja, mvutano wa kazi ukawa pia mvutano wa mapenzi.

Negativu tatu za filamu moja

Ili kuelewa yaliyoisibu filamu ya 1931, hatuna budi kuzingatia namna filamu zilivyotengenezwa zama hizo. Nakala za kuonyeshwa katika majumba ya sinema zilichapwa kutokana na negativu, na negativu iliyochapwa mara nyingi ilichakaa. Mbinu za kunakili negativu yenyewe bila kupoteza ubora zilikuwa bado duni. Kwa sababu hiyo watayarishaji walikuwa na desturi ya kuunda negativu zaidi ya moja. Kila onyesho lilipigwa mara kadhaa. Picha zilizopendelewa na mwelekezi zikaingizwa katika negativu ya soko la nyumbani, na nyinginezo zikatumika kuunda negativu za masoko ya nje. Katika The Front Page kulikuwa na toleo la Marekani, toleo la Uingereza, na toleo la nchi nyinginezo. Matoleo haya yalisimulia kisa kimoja kwa mpangilio mmoja, lakini hayakuwa na picha zile zile. Ishara ya uso, pumziko kati ya maneno mawili, mwendo wa kamera, na hata baadhi ya maneno ya mzaha, yote yaliweza kutofautiana.

Aidha, ukanda wa wakati huo ulitengenezwa kwa nitrati, kemikali inayowaka upesi na kuoza ikihifadhiwa vibaya. Nakala nyingi za miaka hiyo ziliangamia. Iliyobaki ikatumiwa kwa sababu ilibaki, wala si kwa sababu ilikuwa bora. Toleo la The Front Page lililohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge ya Marekani, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa msingi wa kuifahamu filamu hii, lilikuja kubainika kuwa ni la soko la nje. Jambo hilo lilidhihirika baada ya nakala ya toleo la Marekani kupatikana katika mkusanyiko wa filamu za Hughes uliokuwa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas. Hifadhi ya filamu ya Akademia iliikarabati nakala hiyo, na Januari 2017 kampuni ya Criterion ikaitoa pamoja na His Girl Friday katika mkusanyo mmoja. Kwa mara ya kwanza baada ya miongo mingi, asili na uundaji wake upya ziliweza kulinganishwa zikiwa katika hali inayostahili.

Hakimiliki na kuenea kwa nakala mbovu

Sheria nayo ilikuwa na mchango wake. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1909, kazi ililindwa kwa miaka 28, na ulinzi huo uliendelea ikiwa tu mwenye kazi aliomba kuuhuisha. Ombi halikufanywa kwa filamu ya 1931, wala halikufanywa kwa ile ya 1940. Filamu zote mbili zikawa mali ya umma: ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ya pili mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mtu angedhani kwamba kazi ikiwa mali ya wote itaenea vizuri zaidi. Kuenea ilienea, lakini vizuri haikuwa. Yeyote aliyekuwa na nakala ya milimita 16 aliweza kuinakili na kuiuza. Nakala ya nakala ikazaa nakala nyingine, picha ikafifia na sauti ikakwaruza. Hakukuwa na mwenye mali ambaye angefaidika kwa kuikarabati The Front Page. Hapa ndipo filamu hizi mbili zilipotengana. Columbia iliendelea kushika vifaa vya asili vya His Girl Friday, na hivyo palikuwapo nakala nzuri pembeni mwa zile mbovu. The Front Page haikuwa na mlezi wa namna hiyo.

Ifahamike pia kwamba tamthilia yenyewe ilibaki chini ya ulinzi. Katika kesi ya mwaka 1979 iliyohusu filamu ya Pygmalion, mahakama ya rufani nchini Marekani iliamua kwamba kukoma kwa hakimiliki ya filamu hakufuti haki za tamthilia iliyozaa filamu hiyo. Kwa hiyo hadhi ya filamu za aina hii ilikuwa na utata, na utata haumvutii mtu kuwekeza. Tamthilia ya Hecht na MacArthur iliingia katika mali ya umma Januari 2024.

Athari kwa uhakiki

Hawks aliinuliwa na wahakiki wa Ufaransa katika miaka ya 1950, hususan Jacques Rivette katika jarida la Cahiers du Cinéma mwaka 1953, na baadaye na Robin Wood katika kitabu chake cha mwaka 1968. Milestone hakupata watetezi wa kadiri hiyo. Ikazoeleka kusemwa kwamba filamu ya 1931 ni nzito, kwamba ni tamthilia iliyopigwa picha, na kwamba Hawks ndiye aliyeipa hadithi kasi yake. Hata orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani ilifuata mpangilio huo: His Girl Friday iliingizwa mwaka 1993, The Front Page mwaka 2010.

Hukumu hizi zinapaswa kupambanuliwa. Zipo zisizotegemea nakala. Kwamba kumfanya Hildy mwanamke kulibadilisha maana ya uchaguzi wake kati ya kazi na ndoa ni jambo linalothibitika katika toleo lolote, hata lililofifia, kwa kuwa limo katika muundo wa kisa. Lakini zipo pia hukumu zinazohusu mwendo, majira ya kujibizana na wepesi wa kamera. Hizi hutegemea picha mahususi iliyoteuliwa na mwelekezi. Mhakiki aliyesema kwamba Milestone hana kasi, huku akitazama picha ambazo Milestone hakuzipa nafasi ya kwanza, alikuwa anampima mtunzi kwa rasimu yake. Toleo lililokarabatiwa linaonyesha majibizano ya haraka na kamera inayozunguka chumba kimoja bila kuchoka. Hili halimwondolei Hawks ubora wake. Lakini linaonyesha kwamba kasi aliyoisukuma mbele ilikwisha kuanzishwa na mtangulizi wake. Uhusiano wa filamu hizi mbili, basi, si wa kasoro na sahihisho lake. Ni wa kauli na jibu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kubainisha kwamba historia ya nakala ni sehemu ya historia ya uhakiki. Desturi za uzalishaji, kemikali ya ukanda, kifungu cha sheria na maslahi ya kampuni viliamua ni kipi kingeonekana, na kilichoonekana kikageuka kigezo cha ubora. Hali hii haijatoweka kwa kuja kwa mtandao, kwani nakala mbovu za filamu hizi zingali zinapatikana kwa urahisi zaidi kuliko zilizokarabatiwa, nazo ndizo zinazomfikia mwanafunzi kwanza. Kwa hiyo ni wajibu wa mhakiki wa filamu, kama ilivyo kwa mhariri wa miswada, kutaja toleo alilolitumia, urefu wake na mahali lilipotoka. Bila hayo, msomaji hawezi kujua ikiwa kilichohukumiwa ni kazi ya msanii au ni ajali iliyoipata njiani.