Kumwuliza Mgonjwa: Historia Fupi ya Kazi ya Wauguzi

Katika mwaka wa jubilei watu huhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, vitanda vya hospitali na wauguzi waliofuzu. Hesabu hizo ni njema, nasi twashukuru kwa ajili yake. Walakini iko kazi moja isiyoonekana katika hesabu yo yote, nayo ndiyo mwanzo wa kazi nyingine zote za hospitali: ni kumwuliza mgonjwa habari zake na kumsikiliza hata mwisho. Kabla ya sindano na kabla ya dawa huja swali. Swali likiulizwa vibaya, dawa njema huweza kutolewa kwa ugonjwa usio wake. Basi tumeona vema kuwaandikia, ninyi Wakristo wa mitaa yote, na ninyi walimu, habari za jinsi wauguzi walivyojifunza kuuliza; maana jambo hili lahusu uzima na mauti ya watoto wetu.

Watu wengi wamelisikia jina la Bibi Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1820. Mwaka 1854 alikwenda Scutari kuwauguza askari wa vita vya Crimea, na mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Husifiwa kwa usafi na kwa taa yake ya usiku, lakini wachache wajua ya kuwa aliandika pia juu ya namna ya kuuliza. Katika kitabu chake cha uuguzi, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1859, aliwakemea wale wauulizao wagonjwa maswali yaliyo na jibu ndani yake. Ukiuliza kama mgonjwa amelala vizuri, alieleza, hutapata habari. Kwa maana mmoja aona amelala vibaya akiamka mara moja tu, na mwingine hulalamika vivyo hivyo kwa kuwa hakufumba macho usiku kucha. Afadhali kuuliza alilala saa ngapi, na saa zipi za usiku. Tena alifundisha ya kuwa mwenye kusema na mgonjwa aketi mahali aonekanapo, ili mgonjwa asisumbuke kugeuza kichwa. Aliwachukia pia wale wanaomtuliza mgonjwa kwa maneno matupu ya kwamba atapona upesi, kwa kuwa maneno hayo humfunga kinywa naye asiseme hofu yake.

Mafunzo hayo ni mema hata leo. Lakini Bibi Nightingale alikuwa akiwafikiria hasa wauguzi walioongea lugha moja na wagonjwa wao, waliojua desturi zao tangu utoto. Je, mwuguzi akikutana na mgeni, mtu wa lugha nyingine na mila nyingine, atauliza namna gani?

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki swali hilo lilikuja mapema. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kuyakusanya maneno ya Kiswahili. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia lugha ya Unguja mwaka 1870. Watu hao walitambua ya kuwa asiyejua lugha hawezi kufundisha. Na hospitali zilipokuja, ilionekana ya kuwa hawezi kutibu pia. Mwaka 1935 Daktari Leader Stirling alifika katika Dayosisi ya Masasi akafanya kazi Lulindi, ambako wenyeji walifundishwa uuguzi; baadaye sana akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Daktari mgeni huyasikia maneno. Mwuguzi aliyezaliwa hapa husikia na yale yaliyo chini ya maneno.

Na yaliyo chini ya maneno ni mengi. Mgonjwa wetu akiulizwa, "Hujambo?" hujibu, "Sijambo," hata kama ameletwa kwa machela. Hasemi uongo, atimiza adabu. Habari ya ugonjwa huja nyuma, baada ya neno "ila" au "lakini", na mwuguzi mwenye haraka huondoka kabla neno hilo halijafika. Mtu akisema mguu wamwuma, huenda ni paja, huenda ni wayo, kwa kuwa sisi twaita yote mguu. Basi na aonyeshe kwa kidole. Mwanamke akisema tumbo lamsumbua, pengine ana maana ya tumbo la uzazi, naye asitiri neno kwa sababu ya haya, hasa ikiwa mkwe wake amesimama karibu. Ukimwuliza, "Hukunywa dawa?" naye akajibu, "Ndiyo," maana yake ni kwamba hakunywa, lakini aliyezoea Kiingereza huweza kuandika ya kuwa amekunywa. Tena ziko saa. Karatasi ikiandikwa 8 kwa hesabu ya kizungu ya asubuhi, na mama akasoma saa nane kwa hesabu yetu, mtoto atapewa dawa muda wa saa 6 baada ya wakati wake. Hayo ni mambo madogo, lakini madogo hayo huua.

Sasa na tuvuke bahari, tuone jinsi wauguzi wa nchi nyingine walivyokutana na jambo lilo hilo. Bibi Madeleine Leininger alikuwa mwuguzi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1925. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi katika nyumba ya watoto wenye taabu za moyo na akili mjini Cincinnati. Watoto wale walikuwa wa wazazi wa asili mbalimbali, naye akaona ya kuwa malezi yaliyomtuliza huyu hayakumtuliza yule. Akatambua ya kuwa elimu yake ya uuguzi haikumfundisha lo lote juu ya mila za watu. Basi akarudi kusoma, safari hii elimu ya desturi za wanadamu, akaenda kukaa na watu waitwao Gadsup katika nyanda za juu za New Guinea, ili aone jinsi wanavyotunzana wao wenyewe. Alipata shahada ya udaktari wa elimu hiyo mwaka 1965, na mwaka 1974 chama cha wauguzi wa elimu hiyo kikaanzishwa. Fundisho lake kwa ufupi ni hili: kila taifa lina namna yake ya kumtunza mgonjwa, na mwuguzi asiyeijua humtunza kwa namna iliyo ngeni kwake.

Lakini fundisho jema laweza kutumiwa vibaya. Wako waliolifanya kuwa orodha: watu wa kabila hili hupenda hivi, watu wa kabila lile hukataa vile. Aliyelisahihisha jambo hilo kwa nguvu ni Bibi Irihapeti Ramsden, mwuguzi wa kabila la Wamaori wa New Zealand, aliyefariki mwaka 2003. Mwaka 1988, katika mkutano mjini Christchurch, mwanafunzi mmoja Mmaori wa mwaka wa kwanza aliuliza: ikiwa wauguzi hufundishwa usalama wa mgonjwa mbele ya sheria na mbele ya matibabu, mbona hawafundishwi usalama wake katika mila yake? Bibi Ramsden alilishika swali hilo akalifanya kazi ya maisha yake, na mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la New Zealand likalitia katika masharti ya mafunzo. Alisema ya kuwa haitoshi mwuguzi kuzijua mila za mgonjwa. Yampasa kwanza ajitazame mwenyewe, ajue majivuno yake na uwezo alio nao juu ya mtu aliyelala kitandani. Na atakayeamua kama ametunzwa kwa heshima ni mgonjwa mwenyewe, wala si mwuguzi.

Turudi nyumbani, kwa maana mfano ulio mkubwa uko kwetu. Karibu hakuna mama wa pwani asiyelijua jina la degedege. Mtoto hushikwa na homa kali, akakakamaa, akatupa mikono na miguu, na macho yakageuka. Jina lenyewe lafanana na ndege, na wengi wamesimulia ya kuwa ni ndege au pepo apitaye juu ya mtoto. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi katika Wilaya ya Bagamoyo walitangaza waliyoyaona. Hawakwenda na majibu. Walikwenda kuwauliza watu majina ya homa na maana zake. Wakakuta ya kuwa homa ya malaria, kwa watu wengi, ilikuwa homa ya kawaida inayotibiwa kwa vidonge, lakini degedege ilikuwa jambo jingine kabisa, lenye asili ya pepo, ambalo hupelekwa kwanza kwa mganga, mtoto akafukizwa moshi na kupewa dawa za miti. Kumbe mara nyingi ni malaria ile ile, iliyokuwa kali hata ikafika kwenye ubongo.

Tazameni, basi, hatari ya swali lisilofaa. Miaka mingi watu walifundishwa juu ya malaria, nao wakasikiliza, wakakubali. Lakini mafundisho hayo hayakuigusa degedege, kwa kuwa hakuna aliyejua ya kuwa ndiyo iliyokuwa ikisemwa. Mama akiulizwa kama mtoto ana malaria, atajibu la, naye asema kweli kama ajuavyo. Tena ilienea habari ya kwamba sindano humwua mtoto wa degedege. Asili ya neno hilo ni rahisi kuifikiri: mtoto aliyecheleweshwa afika hospitali nusu mfu, achomwa sindano, afa, na waliobaki wakumbuka sindano, hawakumbuki siku zilizopotea.

Mwuguzi afanye nini? Mtoto aliye katika kifafa na asaidiwe papo hapo, maana maswali hayazuii msaada. Lakini mara apatapo nafasi, na amwulize mama kwa upole: ninyi nyumbani mwaliitaje jambo hili? Lilianza lini? Mwadhani limeletwa na nini? Amekwisha kupewa dawa gani, na nani? Mwaogopa nini zaidi? Maswali ya namna hii yaliandikwa mwaka 1978 na Daktari Arthur Kleinman wa Marekani pamoja na wenzake, nayo hufundishwa katika vyuo vingi. Na jibu lo lote likitoka, mwuguzi asicheke wala asigombe. Mama aliyegombezwa kwa ajili ya mganga hatarudia kosa la kusema. Atarudia kosa la kuchelewa. Tena ataficha dawa za miti alizompa mtoto, na mwuguzi hatajua ni nini kilichomo tumboni mwake.

Wasomaji wa Injili ya Marko watakumbuka yule baba aliyemleta mwanawe mwenye kifafa. Kabla ya kumponya, Bwana alimwuliza baba ni muda gani tangu jambo hilo limpate mtoto, akamwacha baba aeleze yote, ya moto na ya maji. Ajuaye yote aliuliza. Sisi tusiojua twawezaje kuacha kuuliza?

Kwa hiyo twawaomba haya. Ninyi wauguzi, mwamkieni mzee kwa shikamoo kabla ya kumpima, ketini, ulizeni swali moja kwa wakati mmoja, msimtumie mtoto kuwa mkalimani wa siri za mama yake, na msiseme mwajua mtu kwa sababu mwajua kabila lake. Ninyi walimu, wafundisheni wanafunzi kueleza maumivu kwa ukamilifu: mahali gani, tangu lini, na nini huyazidisha. Waelezeni pia ya kuwa degedege na malaria kali mara nyingi ni ugonjwa mmoja, na ya kuwa kila saa ya kuchelewa ni hasara. Nanyi wazazi, semeni yote mbele ya mwuguzi, hata yale ya mganga, wala msione haya. Asemaye nusu hutibiwa nusu.

Majengo ya jubilei hii yatachakaa, na mengine yatajengwa mahali pake. Lakini mwuguzi aketiye karibu na mama mwenye hofu, akamwuliza kwa lugha ya nyumbani, akangoja jibu, huyo ameanza kutibu kabla hajafungua sanduku la dawa.