Dawa za watoto wodini: nani anahesabu?

Wadau, najua wengi mlitegemea niandike siasa. Siasa zitasubiri. Wiki nzima nimezama kwenye jambo lisilo na kelele: antibayotiki wanazopewa watoto waliolazwa hospitalini, na namna ya kuzihesabu. Na kwa kuwa mimi ni wa mwisho wa reli, naanzia nyumbani, Ujiji.

Kila mgeni akifika Ujiji anapelekwa mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Mimi kisa ninachokipenda ni cha miaka miwili kabla ya hapo. Machi 1869 Livingstone alivushwa ziwa kwa mtumbwi akaingia Ujiji hoi, anaumwa homa ya mapafu. Sanduku lake la dawa liliibwa tangu Januari 1867, na dawa nyingine alizotumiwa kutoka pwani zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, Tabora ya leo. Akapona hivyo hivyo. Ila hata sanduku lingekuwepo lisingemsaidia sana, maana penisilini iligunduliwa 1928 na kuanza kutibu watu 1941. Mtoto wa Ujiji wa enzi hizo akibanwa na kifua alikuwa na mitishamba na dua, basi.

Halafu dawa zikaja, tukazizoea mno. Nani hajui rangi mbili? Oktoba 1977 kipindupindu kilipolipuka Tanzania, vijidudu vyake vilikuwa bado vinakufa kwa tetrasaikilini. Ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima ili kuwakinga. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vijidudu vilivyopimwa vilikuwa sugu. Miezi mitano tu, jamani! Tunalijua hilo kwa sababu Profesa Fred Mhalu na wenzake walikuwa wanapima na kuandika, na mwaka 1979 wakachapisha. Jirani zetu Burundi nao, utafiti wa 1990 ulikuta vijidudu vya kuhara damu visivyosikia dawa yoyote ya kumeza iliyokuwa ikitumika huko. Ziwa ni moja, na mitumbwi haina mpaka. Mwaka 2015, wakimbizi walipofurika Kagunga na MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini, kipindupindu kiliugua watu takriban 3,000 katika wiki chache.

Anayeumia zaidi ni mtoto. Muhimbili, kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, watafiti walifuatilia watoto 1,828 wa hadi miaka saba waliolazwa. Wenye malaria walikufa asilimia 20.2. Waliokuwa na vijidudu vya kundi liitwalo gramu hasi kwenye damu walikufa asilimia 43.5, na waliopewa dawa ambayo kijidudu chao kilishaizoea walikuwa hatarini zaidi. Soma tena hizo namba taratibu. Sisi waandishi tuliandika malaria, malaria, malaria.

Sasa utasema: basi hesabuni dawa zinazotumika wodini. Hapo ndipo nilipokwama siku mbili nzima. Kipimo kinachotumika duniani ni dozi ya siku ya mtu mzima wa kilo 70. Kwa seftriaksoni, ile sindano ambayo wengi mnaiita Powercef, dozi hiyo ni gramu 2. Mtoto wa kilo 5 akipewa miligramu 80 kwa kila kilo, anapata miligramu 400. Kwa hiyo vichanga watano, wote wamechomwa sindano leo, kwenye karatasi wanahesabika kama mtu mzima mmoja! Wodi ya watoto itaonekana ina nidhamu ya ajabu kumbe kila kitanda kina dripu na sindano.

Ndiyo maana kwa watoto wataalamu wanapendelea kuhesabu siku: mtoto fulani, dawa fulani, siku ngapi. Au wanachagua siku moja, wanapita vitandani, wanahesabu wote waliokuwepo wodini saa mbili asubuhi na dawa walizoandikiwa. Ni sawa na sensa. Utafiti wa namna hiyo katika hospitali sita za rufaa nchini, uliochapishwa 2020, ulikuta zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wako kwenye dawa za kuua vijidudu.

Lakini sensa inategemea faili. Uzito wa mtoto, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, na sababu: je, ni homa ya mapafu, au "homa" tu? Mkono wa nesi aliye peke yake zamu ya usiku ndio unaoandika historia hii, na mimi simlaumu akiruka mstari. Namlaumu anayempangia zamu ya watoto arobaini. Mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa ulitoka 2017, ukaja wa pili wa kuanzia 2023, na yote inataka takwimu za matumizi.

Wauguzi na madaktari mnaopita hapa, hasa mlioko Kasulu, Kibondo na Uvinza: kwenye wodi yenu ya watoto, tarehe ya kuacha dawa inaandikwa, au mtoto anaruhusiwa tu na faili linafungwa? Nitumieni barua pepe. Majina nitayaficha.