Kariakoo: Jina Lililobeba Wapagazi

Maneno huhifadhi yale ambayo vitabu huyapita. Mfano ninaouleta leo ni Kariakoo.

Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Vinywa vya wenyeji vikalifinyanga jina hilo hadi kila silabi ikaishia kwa irabu. Nairobi nako kuna Kariokor, ndugu yake wa damu.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikusanya Afrika Mashariki wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni 1, wengi wao kwa kulazimishwa. Waliokufa, hasa kwa maradhi na njaa, wanakadiriwa kuzidi 90,000. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927 inamwonyesha mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa kwa maandishi, chini ya miguu yake.

Baada ya uhuru, wanahistoria wa Mlimani, akina Terence Ranger, Isaria Kimambo na Arnold Temu, waliukataa mtazamo wa kikoloni uliomfanya Mwafrika mtazamaji wa historia yake mwenyewe. Vita vya Maji Maji vya 1905–1907, ambavyo Wajerumani waliviita uasi, vikasomwa upya kama chimbuko la umoja wa kitaifa. Kazi hiyo ilihitajika, kwani taifa changa lenye makabila zaidi ya 120 lilitafuta mababu wa pamoja. Lakini masimulizi ya mashujaa yana mlango mwembamba. Mpagazi hakuwa mpinzani wala msaliti, alibebeshwa mzigo. Akabaki nje.

Hata waliotangulia chama hawakupita wote. Kleist Sykes, aliyewahi kuwa askari wa Wajerumani, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Mohamed Said, katika kitabu chake cha 1998 kuhusu Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, anadai kuwa historia rasmi iliwasahau wazee wa mjini walioitengenezea TANU njia. Unaweza kubishana naye juu ya uzito anaompa huyu au yule, lakini swali lake halikwepeki: nani ameachwa, na kwa faida ya nani?

Kwa maoni yangu, kosa jipya litakuwa kumvisha mpagazi joho la ushujaa ili naye akubalike. Taifa linaloweza kuwakumbuka tu walioshinda au walioasi litawasahau watu wake wengi.

Maji Maji ina utenzi wake, wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Wapagazi nao wanastahili wao. Atakayeutunga atakuwa na mhusika asiye na jina, asiyechagua vita, ambaye pengine hakurudi kwao. Kiswahili kina msamiati wa kumsimulia: mtumba, mzigo, kata ya kichwani, safari. Malenga, kalamu ni zenu.